Sauti, Mlio na Mvumo: Uhakiki wa Istilahi za Sauti katika Kompyuta

Mtu afunguaye ukurasa wa mipangilio ya sauti katika kompyuta au simu iliyowekewa Kiswahili hukutana na neno moja likifanya kazi ya maneno manne. Neno hilo ni "sauti". Kwa Kiingereza mambo hayo yametengwa: sound ni kila kinachosikika, voice ni itokayo katika koo la kiumbe, volume ni ukubwa wake, na audio ni ile iliyonaswa au kupelekwa kwa mitambo. Kwetu yote yamebebeshwa sauti. Mfasiri akiufuata mwendo huu bila kutua, siku atakapofika penye ukubwa wa sauti ya msemaji atajikuta anaandika "sauti ya sauti", na hapo hatakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake.

Si kwamba tunaidharau kazi iliyokwisha kufanyika. Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wake wa Kilinux, kilipoitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilidhihirika kwamba kompyuta inaweza kusema Kiswahili na mtumiaji akaelewa. Makampuni makubwa yakafuata, na leo simu ya bei ndogo kabisa huuzwa ikiwa na Kiswahili ndani yake. Neno "mipangilio" limeshinda, nalo ni neno jema. Lakini istilahi nyingi za sauti zilifasiriwa moja moja, kila moja peke yake katika orodha, pasipo mfasiri kuuona mtambo wenyewe wala kumsikiliza anayeutumia. Kasoro hiyo ndiyo tunayokusudia kuizungumza.

Ili hoja zetu zisielee hewani, tumeupeleka msamiati huu pwani ya kusini, toka Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi mjini. Tunazo sababu mbili. Kwanza, Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi uliotokana na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kazi ya Kamati iliyoundwa mwaka 1930. Kimgao, lahaja ya pwani ya Kilwa, hakikuwa msingi wa usanifishaji huo. Pili, huko sauti ni kazi ya watu. Kuna wapiga matari ya kaswida, kuna wapiga ngoma za unyago na za harusi, kuna vijana wenye kompyuta na spika mbili wanaokodiwa kwa sherehe, na kuna wenye vibanda umiza ambamo watu huketi juu ya mabenchi kutazama mpira na filamu. Istilahi isiyomfaa mwenye kibanda umiza wa Kilwa Masoko hatuoni itamfaa nani.

Tuanze na ukubwa. Neno la Kiingereza volume limewahi kuwapotosha wafasiri wengi, kwa kuwa katika Kiswahili lina tafsiri tatu zisizofanana hata kidogo. Volume ya kitabu ni juzuu. Volume ya pipa la maji ni ujazo. Na volume ya redio ni ukubwa wa sauti. Ujazo wa sauti hauna maana, maana sauti haijai ndani ya kitu. Wengine hukwepa kwa kusema "sauti ya juu" na "sauti ya chini", na hapo huingia katika shimo jingine. Mwalimu wa muziki akimwambia mwanafunzi apande juu, hamaanishi apige kelele; anamtaka aimbe sauti nyembamba zaidi. Bibi harusi akiombwa aseme kwa sauti ya juu ili mashahidi wamsikie, hatakiwi kuimba. Neno "juu", basi, limechukua vipimo viwili, na katika ukurasa wenye vidhibiti vya vyote viwili halifai.

Lugha yetu ilikwisha kulitatua jambo hili kabla ya umeme kufika. Mswahili huipima sauti kama apimavyo kiwiliwili. Sauti huwa kubwa au ndogo, na hilo ni jambo la nguvu yake. Tena sauti huwa nene au nyembamba, na hilo ni jambo la kidatu chake. Mzee mwenye sauti nene aweza kunong'ona, na mtoto mwenye sauti nyembamba aweza kuitisha mtaa mzima. Twapendekeza basi kwamba palipo na kidhibiti cha nguvu paandikwe "ukubwa wa sauti", si sauti peke yake wala sauti ya juu. Na penye vidhibiti vya kidatu, maelezo yatumie unene na wembamba. Neno "besi" lenyewe hatutaligusa. Watu wanalitumia, vitufe vyenye jina hilo vinabonyezwa kila siku, na kulitafutia mbadala ni kuwapa watu kazi wasiyoiomba.

Kadhalika Kiswahili hutenga sauti na mlio. Kengele ina mlio, bunduki ina mlio, mlango usiotiwa mafuta una mlio. Waliofasiri simu walilipata hili vizuri waliposema "mlio wa simu", na neno hilo likakaa mara moja bila tangazo. Ajabu ni kwamba walipoingia katika kompyuta waliuacha mlio nje. Zile taarifa fupi ambazo kompyuta huzitoa mtu anapokosea au barua pepe inapoingia ni milio. Mchezo wa kompyuta unaotenganisha vidhibiti vya muziki, vya maneno ya wahusika na vya risasi na nyayo wataka maneno matatu: muziki, maneno, milio. Mfasiri akiandika sauti mara tatu, mchezaji hana budi kujaribu kimoja kimoja mpaka abahatishe.

Sasa tuje kwenye neno lililo sugu kuliko yote, nalo ni "kipaza sauti". Kupaza ni kunyanyua, kupeleka juu. Kifaa hiki kilipofika katika mikutano ya hadhara na misikitini kilikuwa seti nzima: kitu cha kusemea, mashine ya kukuza, na pembe ya bati iliyofungwa juu ya mti. Seti hiyo ndiyo iliyopaza sauti, na jina lilikuwa sahihi kabisa. Baadaye seti ikagawanyika na jina likabaki moja. Hata leo, katika maandiko ya ofisi zetu, kipaza sauti mara ni kile kinachoshikwa mkononi, mara ni kile kinachotoa sauti ukutani. Mkutanoni neno halikuleta madhara, kwa kuwa kila mtu aliviona vitu hivyo kwa macho. Nyuma ya kompyuta ya mezani kuna matundu yaliyopangwa yakifanana umbo, na hutengwa kwa rangi tu: kwa desturi ya viwanda iliyowekwa mwishoni mwa miaka ya 1990, waridi ni la kuingizia maneno, kijani ni la kutolea sauti kwenda kwenye spika, na samawati ni la kuingizia sauti kutoka mtambo mwingine. Mwongozo usemao "chomeka kipaza sauti" haumwambii msomaji achague waridi au kijani.

Tangu mwaka 2020 jambo hili limekuwa kubwa zaidi ya kero. Vikao vingi vya serikali vimefanyika kwa njia ya video, na afisa aliyeko Lindi husikia akiambiwa na mwenyekiti aliyeko Dodoma kwamba kipaza sauti chake hakifanyi kazi. Je, hasikiki, au hasikii? Majibu hayo mawili yana matibabu mawili tofauti, na dakika za kikao zinapotea kwa kuulizana. Tungependa neno "maikrofoni" litumike kwa kinachopokea maneno, na "spika" kwa kinachotoa, kama wasemavyo vijana wa Kilwa ambao kwa ufupi husema "maiki". Kipaza sauti kibaki kuwa jina la seti nzima ya mkutano, penye asili yake. Tunajua kuna atakayesema kwamba Spika ni kiongozi wa Bunge. Tunamjibu kwamba hatujapata kusikia mtu akimchomeka Spika wa Bunge nyuma ya kompyuta.

Palipo na kitufe cha kuizuia maikrofoni kwa muda, tumeona maneno matatu yakishindana: zima, funga na nyamazisha. Zima si zuri, kwa sababu kitu kilichozimwa kimekatiwa umeme, na mtumiaji hudhani itabidi akiwashe upya. Funga linaeleweka katika mazungumzo. Nyamazisha ndilo lililo sawasawa, kwani aliyenyamaza yupo na anaweza kusema tena. Neno "bubu" lisitumike kabisa. Hilo ni jina linalowaumiza watu, na kompyuta si mtu.

Katika filamu ndipo istilahi mbaya inapomgharimu mtu fedha. Mwenye kibanda ana kompyuta na spika mbili kubwa. Anaweka filamu, na watazamaji wanasikia muziki na milipuko ikitikisa mabati, lakini mashujaa wanafumbua midomo bila kusikika. Anaongeza ukubwa wa sauti. Milipuko inazidi, maneno hayaji. Watu wanadai fedha zao. Mara nyingi spika hazina kosa, na filamu haina kosa. Filamu nyingi hurekodiwa kwa utaratibu uandikwao 5.1, yaani sauti hugawanywa sehemu sita: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia, na sehemu moja ya mvumo mzito peke yake. Maneno ya wahusika kwa kawaida huwekwa katika ile ya katikati. Ikiwa mipangilio inaiambia kompyuta kwamba kuna spika sita, kompyuta hupeleka maneno kwenye spika ya katikati ambayo haipo. Mwenye kibanda akichagua spika mbili, kompyuta huyagawa maneno ya katikati kushoto na kulia, na mashujaa wanapata kusema.

Hayo yote ni kubonyeza mara moja. Lakini mtu atayajuaje, ikiwa ukurasa unamwambia achague "chaneli"? Chaneli kwake ni stesheni ya televisheni. Anaona chaneli 6, anafikiri atapata stesheni zaidi, anachagua, na maneno yanapotea. Sisi tungeita kila sehemu ya sauti "mkondo". Wavuvi wa Kilwa wanajua kwamba katika maji yaleyale ya bahari hupita mikondo mbalimbali, kila mmoja na mwelekeo wake, na shule zetu huwagawa wanafunzi wa kidato kimoja katika mikondo. Maana iko tayari. Uchaguzi wenyewe usiandikwe kwa mikondo bali kwa kile mtu anachoweza kukihesabu kwa kidole: "spika mbili", "spika tano na ya mvumo". Tena ile nukta ya 5.1 isisomwe kama desimali. Walimu watusaidie hapa. Haina maana ya tano na sehemu moja ya kumi. Ni mikondo mitano kamili na mmoja usiobeba ila sauti nene.

Kwa spika ya mkondo huo wa sita watu wamekwisha kuwa na neno, "sabufa", ila wamelipanua. Dukani sabufa ni seti nzima, sanduku kubwa pamoja na spika zake ndogo. Wafasiri wengine hukasirika kwa upanuzi huu. Sisi hatuoni sababu. Tulivutwa kwanza na neno la zamani "vumi", ambalo ni mvumo mzito na pia ni jina la ngoma yenye sauti nene, mwenzake chapuo iliyo ndogo. Ni neno zuri mno, na hapo ndipo penye hatari: istilahi huchaguliwa kwa kufaa, haichaguliwi kwa sababu inampendeza mhariri. Vumi libaki ngomani. Sabufa libaki dukani likiwa jina la seti, na katika mipangilio paandikwe "spika ya mvumo", ambayo mtu yeyote ataielewa hata kama hajawahi kuinunua.

Jambo jingine ni sauti inapoharibika kwa kuzidishwa. Kompyuta huiandika sauti kwa namba. Katika utaratibu wa biti 16 zipo namba 65,536, nusu yake zikiwa chini ya sifuri. Wimbi la sauti likizidi namba ya mwisho, halina pa kuandikiwa. Kichwa chake hukatwa bapa, na sikio husikia mkwaruzo. Waraka mmoja uliopita mikononi mwetu unaliita jambo hili "upotoshaji wa sauti". Katika lugha ya serikali upotoshaji ni kosa la mtu: anayepotosha habari, anayepotosha umma. Karani akisoma kwamba mtambo umepotosha hotuba ya mkuu wa wilaya ataogopa kuutia sahihi waraka. Na kwa nini tuhangaike, ikiwa kila mpiga muziki wa pwani husema "sauti inapasuka"? Methali yetu husema ngoma ikilia sana hupasuka, na kitenzi hicho kimehamia katika spika bila msaada wa kamati yoyote. Kupasuka kuandikwe, pamoja na dawa yake: punguza ukubwa katika kompyuta kwanza, kisha ongeza katika mashine ya kukuzia. Maana wimbi lililokatwa kichwa ndani ya kompyuta halirudishiwi kichwa na spika yoyote, hata iwe ya bei gani.

Kuhusu kitendo chenyewe cha kurekebisha, tumeona "sanidi" katika programu kadhaa. Tunalikubali kwa mafundi. Kwa mtumiaji wa kawaida "rekebisha" latosha. Mpiga ngoma wa kusini akiona ngozi imelegea kwa unyevu huwasha majani makavu na kuipasha ngoma moto, huigonga na kusikiliza, huipasha tena mpaka mlio urudi mahali pake. Hiyo ndiyo kazi ifanywayo mbele ya ukurasa wa mipangilio: kugusa, kusikiliza, kugusa tena. Neno linaloficha kusikiliza, likaonyesha kana kwamba ni kujaza fomu, linamnyima mtu nusu ya maarifa.

Masafa nayo yataka uangalifu. Redio zetu zilitufundisha masafa ya kati na masafa mafupi, ambapo neno lilihusu urefu wa wimbi. Siku hizi masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani kinyume chake, kwa kuwa wimbi likifupika mitetemo huzidi. Tumekwisha kuizoea hali hiyo. Lakini katika mipangilio ya kompyuta huja namba ya tatu: 44,100 kwa muziki wa sidii, 48,000 kwa filamu. Hii ni idadi ya mara ambazo kompyuta huipima sauti kila sekunde, haina uhusiano na unene wala wembamba wa wimbo. Sikio la binadamu husikia mitetemo toka kama 20 hadi kama 20,000 kwa sekunde, na ili wimbi linaswe sharti lipimwe zaidi ya mara mbili ya mitetemo yake, ndiyo maana ya 44,100. Ukiandika "masafa" hapo, mwanafunzi atauliza ni nani awezaye kusikia masafa 44,100, na swali lake litakuwa halali. "Idadi ya vipimo kwa sekunde" ni maneno matano, marefu kidogo, lakini yanajieleza yenyewe.

Kwa michezo, ambayo vijana huiita gemu na wataendelea kuiita hivyo, neno linalohitajika ni la kuchelewa. Kompyuta haitoi sauti papo hapo. Hukusanya vipimo kadhaa mahali pa akiba, kisha huvitoa, kama mtungi unaojazwa kwa ndoo na kutekwa kwa kata. Akiba ya vipimo 512, ikitoka kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, huchelewesha sauti kwa kama sehemu 11 kwa elfu za sekunde, na hakuna atakayeona. Akiba ya vipimo 4,800 huichelewesha sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika filamu hilo hurekebishika kwa kuichelewesha picha nayo. Katika gemu haliwezekani, maana mchezaji amebonyeza sasa na anataka kusikia sasa. Akisikia nyayo za adui zimechelewa, amekwisha kupigwa. Akiba ikipunguzwa kupita kiasi, nayo mashine ikiwa dhaifu, mtungi hukauka kabla ya ndoo kufika na sauti hukatikakatika. Hapa "akiba ya sauti" na "muda wa kukawia" vinatosha, na "bafa" liachiwe vitabu vya mafundi.

Imebaki kadi ya sauti yenyewe. Jina hili lilifaa wakati kitu hicho kilikuwa kadi hasa, kibao kilichonunuliwa mbali na kuchomekwa ndani ya kompyuta, kama zile Sound Blaster zilizotolewa na kampuni ya Creative ya Singapore kuanzia mwaka 1989. Katika kompyuta nyingi za leo hakuna kadi. Sehemu ya sauti ni kijiwe kidogo kilichounganishwa katika kibao kikuu. Mwongozo unaomwagiza mwalimu wa Kivinje afungue kompyuta ya shule na kukagua kadi ya sauti utamfanya atafute kitu kisichokuwamo, naye aweza kuandika katika taarifa yake kwamba imeibwa. Paandikwe "sehemu ya sauti" popote isipokuwa pale ambapo kadi ipo kweli na inaonekana kwa macho.